KENGELE YETU ILIKUWA FRENI



Kila asubuhi munasikia kengele ya masomo yetu. Wengine kati yenu munaipiga nyinyi wenyewe, kila mumoja kwa juma lake, na kile kipande cha nondo. Lakini ni wangapi walishaitazama vizuri? Ni duara ya chuma kizito, ina tundu kubwa katikati na matundu madogo ya kufungia. Ukipitisha kidole juu yake utasikia mifereji, sawa shamba lililolimwa. Ile ni diski ya freni. Ilitoka kwa motokari ya masomo, na mifereji ile tuliilima sisi.

Sisi tunaoandika haya tulikuwa kwaya ya masomo katika mwaka 2019. Tulikuwa kumi na wane. Leo kila mumoja ameenda njia yake, lakini watatu tumebaki karibu, na mumoja wetu amerudi hapa hapa kufundisha fizika. Wenye kutunga gazeti hili walituomba tueleze habari ya kengele. Tulikubali mbio, kisha tukakaa majuma matatu bila kuandika hata mustari, juu habari yenyewe haitupatii sifa.

Motokari ilikuwa Toyota Hiace ya zamani. Freni za mbele zilikuwa za diski, za nyuma zilikuwa za ngoma. Mwezi wa kumi na moja 2018 vitesi vilivunjika, na masomo hayakuwa na feza ya kuvitengeneza mara moja. Basi gari likalala chini ya muti wa avoka hata mwezi wa tatu. Mwenye kujua Bukavu anajua maana yake: mvua ya mwezi wa kumi na moja, ya kumi na mbili, ya kwanza, ya pili. Majani yalianguka juu, kuku wakalala chini.

Siku vitesi vilipopona tulitumwa kuosha gari. Mutu mumoja akachungulia katikati ya matundu ya gurudumu akapiga kelele: "Freni zimeoza!" Kweli diski zote mbili zilikuwa nyekundu, rangi moja na udongo wa barabara ya Nyangezi. Tukaona ni kazi yetu kuokoa gari. Tukatafuta mchanga wa kusugulia, na mwenzetu mumoja, hatutasema nani, akaleta kopo ya grisi ili tupake diski, kutu isirudi tena.

Papa Shofere alikuja mbio kuliko tulivyomuona akikimbia siku yoyote. Akanyanganya ile kopo.

"Batoto, munataka kuniua? Ukipaka grisi pale, freni itashika nini?"

Kisha alikaa kwenye ngazi akatueleza. Diski ya freni ni chuma cha kumwaga, kile kinachoitwa fonti. Kinavumilia moto, na bei yake si kali sana, njo maana watengenezaji wanakipenda. Lakini kinashika kutu upesi, na uso wake hauwezi kupakwa rangi wala mafuta, juu ni pale pale plakete zinapobana. Uso unapaswa kukaa uchi. Basi mvua ikinyesha usiku, asubuhi diski ni nyekundu. Hakuna neno. Shofere anatoka, anakanyaga freni mara mbili tatu, plakete zinafagia kutu yote, chuma kinangaa tena. Kutu ya usiku moja si ugonjwa.

Lakini kutu ya miezi mine ni habari ingine. Papa Shofere aliendesha gari katika kiwanja cha masomo, mbele na nyuma, akikanyaga freni. Nyekundu ikapunguka. Akatuita akatuonyesha: uso ulikuwa na alama ndogondogo sawa ya ndui, na kule ukingoni, pahali plakete hazifiki, kutu ilisimama kama ukuta mudogo. "Ukuta huu hauna neno sana," alisema. "Mimi naogopa kile hatukioni." Alisema plakete za mbele zilishabaki nyembamba, na kwamba kuko vyuma viwili vidogo ambavyo etriye inatelezea juu yake. Vikishika kutu, etriye haitembei tena sawasawa: plakete moja inafanya kazi ya mbili. Ile ya ndani inakwisha, ile ya nje inabaki nene, na mutu anayechungulia toka inje anasema freni ni nzima.

Alipeleka habari kwa Papa Ekonome. Alihitaji plakete mupya za mbele, dolari 30, na dolari 10 za fundi wa kufungua, kusafisha na kupaka grisi ile inayofaa kwenye vile vyuma vya kutelezea. Jumla dolari 40. Papa Ekonome akafungua kaye yake na kumuonyesha: vitesi vilikula vyote. Akamwambia angojee nyuma ya Pasaka, wakati wazazi watakapolipa.

Sasa tunafika kwa sisi wenyewe. Kwaya ilikuwa na feza. Tulikuwa tumeimba katika parokia tano na kukusanya dolari 210 za kununua klavye. Tulikuwa tumepanga safari ya Uvira katika likizo ya Pasaka, na mutu alitwambia kwamba ngambo ya mupaka, Bujumbura, klavye inapatikana kwa dolari 200. Papa Ekonome alituita, prezida, sekretere na tresoriye, akatuomba kwa upole: kwaya ikopeshe masomo dolari 40, masomo yatarudisha mwezi wa tano.

Tulifanya mukutano. Mumoja alisema: "Freni ni kazi ya masomo, si kazi ya kwaya." Mwingine alisema deni la masomo halirudi. Wa tatu alisema, na tulicheka sana, kwamba Papa Shofere anatafuta tu dolari kumi za bia, yeye ambaye hanywi. Tulipiga kura kwa kuinua mikono. Mikono yote kumi na mine ilisema hapana. Mutu asiseme leo kwamba yeye hakuinua, tuliona.

Safari ilikuwa juma la nyuma ya Pasaka. Tuliomba, tukapanda, vyombo juu ya kapo, tresoriye na bahasha ya dolari 210 ndani ya soksi. Mpaka Nyangezi hakuna lililotokea. Kisha tukasikia sauti. Kwanza ilikuwa kwiii, nyembamba, kila mara aliposhika freni. Papa Shofere akageuza kichwa: "Munyamaze kidogo, nisikie." Tukanyamaza kwa dakika moja. Sauti ikaja tena. Mutu wa nyuma akaanzisha wimbo, na sote tukaitika, sauti nne, kwa nguvu. Tulijua tunafanya nini. Tuliogopa kwamba akisikia vizuri atarudisha gari Bukavu.

Ngomo ni kule barabara inapoanguka kwenda Kamanyola na bonde la Ruzizi. Waliopita wanaijua: upande moja ukuta wa mulima, upande mwingine hewa tu, na malori yanapanda taratibu mukikutana kwenye kona. Pale sauti ilibadilika. Haikuwa tena kwiii, ilikuwa krrr, krrr, sawa mutu anayesaga mawe, na tulisikia harufu ya moto. Wimbo uliisha pasipo mutu kuukata.

Mwenzetu wa fizika ametufanyia hesabu ambayo hatukuijua siku ile. Gari lenye kilo 2.500 pamoja na watu, likienda kilometa 60 kwa saa, lina nguvu ya joule karibu 347.000. Ukilisimamisha, nguvu ile haipotei, inageuka kuwa moto ndani ya freni. Moto ule ungetosha kuchemsha litra moja ya maji ya baridi. Hiyo ni mara moja ya kusimama. Sasa fikiria mulima. Ziwa Kivu liko metre 1.460 juu ya bahari, ziwa Tanganyika liko metre 770 hivi. Kushuka toka ziwa hata ziwa ni metre 690, hata bila kuhesabu vilima vya katikati. Kwa gari lile lile ni karibu joule milioni 17, maji ya kuchemka litra 50. Kama shofere anashuka na vitesi vya chini, mashine inachukua sehemu kubwa, na hewa inachukua kidogo. Inayobaki yote inapita katika vyuma viwili vya mbele na ngoma mbili za nyuma. Na vya mbele vinabeba zaidi, juu gari likishika freni uzito wake unainama mbele, sawa mutu anayesukumwa mugongoni.

Ni ajabu kidogo kwamba dunia ilikawia kuamini diski. Mwingereza Frederick Lanchester aliandikisha wazo lake katika mwaka 1902, lakini barabara za siku zile zilikuwa na vumbi na vyuma vilikwisha upesi. Ni katika mwaka 1953 gari la Jaguar lenye diski lilishinda shindano la Le Mans huko Ufaransa, na mwaka 1955 Citroën DS ikatoka na diski za mbele. Ngoma inafunga moto ndani kama chungu chenye kifuniko. Diski iko inje, hewa inaipiga. Lakini kama plakete ilishakwisha, hewa haisaidii neno.

Turudi Ngomo. Pedale ilianza kuwa laini. Papa Shofere alitia vitesi vya kwanza, akaegemeza gari kwenye ukuta wa mulima, akaweka jiwe chini ya gurudumu. Diski zilitoa moshi. Mwenzetu mumoja, yule yule wa grisi, alishuka mbio na bidoni ya maji. Papa Shofere alimukamata mukono: "Hapana! Chuma cha moto ukikimwangia maji kinapasuka." Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Alitueleza, akifuta jasho, kwamba mafuta ya freni yanakunywa maji ya hewa kidogo kidogo, na yakikaa miaka bila kubadilishwa maji yale yanachemka wakati wa moto. Yanakuwa mvuke, na mvuke unabanwa na muguu kama godoro. Ile njo ilikuwa ulaini wa pedale.

Kisha alisema: "Sasa mutatembea kwa miguu. Mimi nitashuka peke yangu na gari."

Tulinungunika. Tunaandika vile ilivyokuwa: tulinungunika kwa sababu ya jua na viatu. Hakuna aliyesema, "Papa, na wewe?" Watu kumi na wane, na mizigo ambayo kila mutu alibeba yake, ni zaidi ya kilo 700 tulizozitoa katika gari. Aliondoka akienda polepole kuliko sisi, mulango wake wazi, muguu moja ukiwa karibu inje. Tulikuwa tunamufuata kwa nyuma na kusikia krrr katika kila kona. Halafu barabara ikapinda tusisikie tena, na pale tu, nyuma ya kona, ndipo tulipoanza kukimbia. Tulimukuta chini. Alikuwa amekaa juu ya jiwe anakula ndizi. Mikono yake ilitetemeka, na alijua tunaiona, akaiweka chini ya mapaja.

Uvira tulifika usiku, tukienda mwendo wa baiskeli katika tambarare. Asubuhi tulimupelekea gari fundi mumoja mzee mwenye garaji chini ya muembe. Alitoa magurudumu ya mbele, akatuita.

"Batoto, mutie kidole hapa. Musiogope, ilishapoa."

Tulitia. Plakete ya ndani ya upande wa kushoto ilikwisha kabisa: ilibaki ile sahani ya chuma inayobeba plakete, na chuma kilikuwa kinakula chuma. Mifereji ile munayoisikia kwenye kengele. Ile ya nje, karibu yake, ilikuwa bado nene. Vyuma vya kutelezea vilikuwa vyekundu, etriye haikusogea hata fundi alipoipiga na nyundo. Ndivyo Papa Shofere alivyosema chini ya muti wa avoka.

Fundi akatoa piyakulisi ya kupima. Kwenye diski yoyote ya kiwanda kuko namba imeandikwa, ni unene mudogo ambao haupaswi kupita. Mara nyingi toka upya hata kufikia namba ile ni milimita 2 tu ao 3. Ya kwetu ilizaliwa na milimita 25, namba ilisema 23. Ya kulia ilipima 22,4. Ya kushoto, pahali pa mufereji mukubwa, 21,6. Hapo tulielewa kwamba hata tungetoa zile dolari 40 mapema, labda ya kulia ingekuwa karibu na mwisho; gari lilikuwa zee na hatutaki kujitwisha zaidi ya mzigo wetu. Lakini ya kushoto tuliimaliza katika siku moja.

Mutu akauliza kama haiwezekani kupeleka kwa mwenye mashine ya kuchonga, asawanishe uso. Fundi akacheka. Kuchonga ni kwa diski iliyo bado na nyama. Yetu ilibaki mifupa. Mwingine akauliza diski za okazyo. Alikuwa nazo, dolari 25 moja, akatupimia: 23,5. Zingetembea miezi kidogo, kisha tungenunua tena, na kulipa fundi tena. Papa Shofere hakusema kitu. Aliangalia upande wa Ngomo.

Hesabu ilikuwa hivi. Diski mbili mupya, dolari 65 moja, jumla 130. Na lazima zibadilishwe mbili pamoja, juu moja mupya na moja nzee zinavuta gari upande. Plakete, dolari 30 zile zile. Mafuta ya freni, dolari 8. Kazi ya fundi, 20. Jumla dolari 188. Wakati ule ilikuwa karibu franka 310.000. Papa Ekonome kwa telefone alisema kwa sauti ndogo kwamba hana, labda gari libaki Uvira hata mwezi wa tano, sisi tutafute njia ya kurudi.

Tulienda pembeni chini ya muembe. Ule mukutano haukuwa na hotuba. Tresoriye aliinama akatoa bahasha katika soksi, ilikuwa na jasho. Hakuna aliyeinua mukono, wala hakuna aliyeulizwa. Dolari 188 zikaenda, zikabaki 22, na zile tulizikula kwa siku mbili tulizongojea diski zitoke Bujumbura, njia ile ile ambayo klavye ingetoka. Masomo hayakuturudishia feza ile, na hatukuidai. Kwaya iliimba bila klavye hata tulipomaliza, na waliotufuata pia.

Diski mupya zinakuja zimepakwa mafuta ili zisishike kutu njiani. Fundi alizisafisha na petroli na kitambaa mpaka kitambaa kikabaki cheupe. Alimuonya Papa Shofere asibane sana kwa kilometa 300 za kwanza, chuma na plakete zijuane. Papa Shofere aliitika "ndiyo, fundi," kama mwanafunzi wa kwanza, ijapokuwa alijua yote. Kupanda Ngomo tulikaa kimya. Si kwa huzuni tu. Tulitaka kusikia, na hakukuwa na kitu cha kusikia.

Yeye hakutulaumu hata siku moja. Jambo moja alilolifanya ni kuandika katika kaye ndogo, iliyokaa juu ya dashibodi: tarehe, kilometa, unene wa plakete ya ndani na ya nje. Alipima kila mwanzo wa trimestri, na kila gari lilipolala zaidi ya juma moja katika mvua alilitembeza kiwanjani. Watoto wadogo walidhani anajifundisha.

Diski nzee fundi alitaka kuziuza kwa kilo. Papa Shofere alikataa, akazileta chini ya kiti. Ya kulia iko katika chumba cha fizika, inazuia mulango usipigwe na upepo. Ya kushoto njo munaipiga kila asubuhi. Imejaa kutu sasa, hakuna anayeisafisha, isipokuwa pahali nondo inapopiga. Pale pamebaki panangaa.